Hakuna Aliyefungwa

Si zamani sana, maana mabango ya uchaguzi uliopita yalikuwa bado ukutani na tabasamu za wagombea hazijapauka, palikuwa na nchi moja iliyokuwa na kila kitu isipokuwa timu ya mpira. Jina la nchi hiyo halitajwi hapa, kwa sababu ya adabu. Anayedhani anaijua, anaijua kwa hiari yake, na lawama azibebe mwenyewe.

Timu ilikuwepo, tusiseme uongo. Iliitwa Vifaru wa Taifa. Ilikuwa na jezi za aina tatu, wimbo wake, kamati ya ushindi yenye wajumbe arobaini na mmoja, na basi lililochorwa ubavuni picha ya Mlezi wa Taifa akiupiga mpira kwa kiatu cha ofisini. Kilichokosekana ni watu kumi na mmoja wa kuupiga mpira wenyewe. Kamati ilishaeleza kwamba hilo ni tatizo la kiufundi.

Jumapili moja Vifaru wakacheza na jirani zao wa ng'ambo ya mto, nchi ndogo kiasi kwamba raia wake wote, ukiwapanga vizuri, wanaenea kwenye majukwaa ya uwanja mmoja. Asubuhi ya siku hiyo Waziri wa Michezo, Furaha na Utulivu, Mheshimiwa Ngwalima Tendegu, alitangaza redioni kuwa ushindi umeshakamilika kwa asilimia tisini na tano, na kwamba hizo tano zilizobaki ni kazi ndogo ambayo serikali imewaachia wachezaji.

Katika mtaa wa Kwa Mabati, mashabiki wa Tawi la Damu Moja walijazana kwenye kibanda chao kusikiliza redio tangu saa nane mchana. Bi Somoe alikuwepo, na cherehani yake mlangoni, anamalizia bendera ya kushangilia. Kopwe kinyozi alikuwepo na ngoma. Na ukutani, chini ya saa iliyosimama, palikuwa na ubao mweusi wa tawi, na mbele ya ubao amesimama mume wa Bi Somoe, Mshangama, katibu wa tawi, chaki sikioni.

Mshangama alikuwa fundi viatu. Shule aliiacha darasa la nne, au tuseme shule ilimwacha yeye, maana mwalimu alihamishwa na paa likamfuata. Yaliyobaki alijifundisha kwa magazeti yanayofungiwa maandazi. Alisoma yote, hata yenye mafuta, na tatizo lake ni moja tu: hakusahau. Ukimuuliza mwaka wa mafuriko, atakwambia, "Sita bila, na Waziri wa wakati ule aliahidi kocha mpya kabla ya mavuno." Ukimuuliza mwaka wa uwanja mpya, atakwambia, "Tano moja. Hilo moja walijifunga wenyewe kwa kutuonea huruma." Kwa miaka ishirini na miwili aliandika matokeo kwenye ubao ule, na sharti lake lilikuwa hilohilo: filimbi ya mwisho ikilia, chaki inatoka sikioni. Wala si dakika moja baadaye.

Bao la kwanza liliingia watu hawajakaa vizuri.

"Bado mapema," alisema Kopwe, akapiga ngoma.

La pili, akasema jua lilimpiga kipa machoni. La tatu, akauliza tu, "Hivi huyu kipa ni shemeji wa nani?"

"Wa mwenyekiti wa kamati," Mshangama akamjibu bila kugeuka. "Na yule wa kabla yake alikuwa mpwa wake."

La nne likaingia. La tano lilipoingia, mtu mmoja nyuma akapiga kelele: "Zimeni redio! Hamwoni? Wanapata nguvu kwa sababu tunawasikiliza!"

Ikaonekana ni hoja. Redio ikazimwa. Watu wakakaa robo saa wametazamana kama wako msibani na maiti haijafika. Kopwe akashindwa kuvumilia, akaiwasha. Yalikuwa saba.

"Mmeona?" akasema yule wa nyuma. "Tungeiwacha wazi yangekuwa kumi na nne."

Bao la nane lilichekwa. Ni ajabu lakini ndivyo ilivyokuwa: mama mmoja alianza, "Kwi!", na kicheko kikashika kibanda kizima mpaka watu wakashikilia mbavu, na katikati ya kicheko likaja la tisa, na kicheko kikageuka kitu kingine ambacho hakina jina. Kopwe akavua jezi, akaigeuza ndani nje, akaivaa tena.

"Kuanzia sasa mimi si shabiki," akasema. "Mimi ni mpita njia."

Filimbi ikalia. Mtangazaji akasema mechi imekwisha, akameza mate mpaka yakasikika nchi nzima, kisha akaweka nyimbo za uhuru. Matokeo hakuyataja. Mshangama akatoa chaki sikioni.

"Baba Chiku," Bi Somoe akamwambia, kwa sauti ya chini, "si ungengoja redio iseme kwanza?"

"Filimbi imelia, Somoe. Ubao haungoji redio."

Akaandika kwa herufi kubwa, za mtu aliyejifundisha mwenyewe, kila moja imesimama peke yake kama askari: TUMEFUNGWA TISA BILA.

*

Jumatatu asubuhi walikuja askari sita na gari. Wanne walimkamata Mshangama, wawili waliukamata ubao. Ubao ndio uliosumbua, maana haukutaka kupita mlangoni. Jumanne mtu na ubao wakafikishwa mahakamani, yeye kama mshtakiwa, ubao kama kielelezo, kwa kosa la kueneza matokeo bila kibali.

"Uliandika wewe?" akauliza hakimu.

"Niliandika mimi. Lakini waliofungwa ni Vifaru, Mheshimiwa."

"Sheria haiwahusu Vifaru. Wao hawakuandika." Hakimu akafungua kitabu, akafunga, akasema, "Mwaka mmoja kwa kila bao. Miaka tisa. Na umshukuru refa, kwa sababu bao la kumi alilikataa, mfungaji alikuwa ameotea."

Bi Somoe alikuwa amekaa benchi la nyuma na kibakuli cha wali. Alipiga hesabu haraka haraka: miaka tisa, yeye atakuwa na sitini na moja, na Mshangama, ambaye kifua chake hakipatani na baridi, hatakuwa na umri wowote. Akakifunika kibakuli. Hakulia. Alisema tu, kwa sauti iliyowafikia makarani, "Tisa uwanjani, tisa mahakamani. Hao jirani zetu wametufunga kumi na nane."

*

Sasa, serikali ile ilikuwa serikali sikivu, na kwa siku tatu ilisikia jambo moja tu. Sokoni, hospitalini, msibani, hata kwenye foleni ya maji, watu walikuwa wakisema: tumefungwa, tumefungwa, tumefungwa. Mlezi wa Taifa alisikia kasuku wake mwenyewe akisema. Kasuku akahamishiwa mkoani, na Jumatano Mheshimiwa Tendegu akaita waandishi wa habari.

"Ndugu wananchi," alisema, amevaa suti na juu ya suti jezi, "kuna maneno yanapita mitaani, maneno mepesi, yasiyo na uzalendo, kwamba Vifaru wetu wame... lile neno. Napenda kukanusha. Ukweli ni kwamba siku ya Jumapili lango letu lilitembelewa. Lilitembelewa na wageni tisa. Nauliza: katika mila zetu, mgeni akija, tunamzuia mlangoni? Kipa wetu aliinuka, akatazama, akawapisha. Huo ndio ukarimu uliotuletea sifa duniani. Kwa hiyo serikali imemteua kuwa Balozi wa Ukarimu, na atapewa gari." Akanywa maji. "Na ili jambo hili lisizue tena maneno, Bunge limepitisha leo, kwa kauli moja na kabla halijasomwa, sheria fupi ifuatayo."

Akaisoma. Ilikuwa fupi kweli, na Bi Somoe aliisikia akiwa kwenye cherehani, mguu umesimama hewani:

"Kuanzia leo, ndani ya mipaka yote ya Jamhuri, hakuna aliyefungwa, hakuna anayefungwa, wala hakuna atakayefungwa. Neno hili limefutwa, pamoja na ndugu zake wote. Mtumishi wa umma atakayelitamka au kuliandika atafukuzwa kazi siku hiyohiyo."

Utekelezaji ulianza mara moja, kwa kuwa utekelezaji wa mambo ya aina hiyo haukuwahi kuchelewa katika nchi ile. Wenye maduka walikatazwa kuandika "Duka limefungwa", wakaandika "Duka halijafunguliwa." Shimo la barabara ya sokoni, lililochimbwa na kamati mbili na kusahauliwa na ya tatu, lilikuwa na kibao: BARABARA IMEFUNGWA. Kibao kiling'olewa. Malori matatu yakaingia shimoni kabla ya adhuhuri, na dereva wa tatu alipoulizwa alisema, "Nimekaribishwa."

Kwa Bi Somoe waliingia wakaguzi wawili, wakakuta bati lake la vifungo.

"Hivi nini?"

"Vifungo vya mashati."

Mmoja akamtazama mwenzake. "Ni ndugu wa lile neno," akasema. "Tafuta jina jingine, mama."

"Nitaviitaje?"

"Viite viduara."

"Na shati likikosa viduara, nimwambie mteja asilifanye nini?"

Mkaguzi alifikiri sana. "Asilifungue," akasema, wakaondoka.

Usicheke. Watu walianza kuzoea. Hilo ndilo jambo la nchi ile ambalo Mshangama alikuwa akilisema tangu mwaka wa mafuriko, watu wakimwona mtu wa kelele: kwamba pale mtu akivuliwa shati atauliza tu kama na suruali inatakiwa leo au kesho.

*

Jumamosi ilikuwa siku ya kutazama ndugu gerezani. Bi Somoe akachukua wali, samaki wa kukaanga na blanketi, akapiga hodi getini.

"Karibu, mama," alisema askari wa zamu, mtu mnene, anakunywa chai. "Unamtaka nani?"

"Nimekuja kumtazama mume wangu, Mshangama, fundi viatu. Aliyefungwa Jumanne."

Chai ikamwagikia magwanda. "Mama! Aliye-nini?"

"Aliyefungwa."

"Shusha sauti! Unataka nile wapi mimi? Hapa hakuna aliyefungwa!"

Bi Somoe akatazama juu ya bega lake. Nyuma ya nondo za dirisha kubwa palikuwa na nyuso, mbili tatu, kumi, kisha nyingi.

"Na hao?"

Askari akageuka, akazitazama zile nyuso mia nne na kitu kana kwamba ni mara yake ya kwanza kuziona. "Hao... hao wapo tu."

"Wapo tu?"

"Wapo tu. Ni wageni wa serikali."

"Haya. Na huyo mgeni wenu, mume wangu, anarudi nyumbani lini?"

"Mama, mimi nitajuaje?" askari akasema, akijipangusa chai, akili yake haipo kabisa kwenye maneno yake. "Mgeni anaondoka akiaga."

Alichukua wali na blanketi, akaapa kuvifikisha. Bi Somoe akarudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima alikuwa akitembea polepole, kama mtu aliyebeba maji kichwani anaogopa yasimwagike.

Kibandani alimkuta Kopwe anamnyoa mtu.

"Shemeji, vipi? Umemwona?"

"Sijamwona. Hayupo."

"Hayupo! Wamempeleka wapi?"

"Sikiliza, Kopwe. Wanasema hakuna aliyefungwa."

"Ndio wanavyosema wote sasa."

"Wewe unasikia wanachosema? Mimi nimekisikia leo." Akavua viatu, akakaa. "Jumatatu njoo na ngoma. Waambie na wanachama. Tunakwenda kumpokea mgeni."

*

Jumatatu walifika gerezani watu thelathini, wamevaa jezi za Vifaru, nusu yao zimegeuzwa ndani nje. Mkuu wa gereza, Afande Chilumba, aliwapokea mlangoni mwa ofisi, kofia kichwani. Alikuwa na miaka ishirini na sita kazini na rungu la mpingo ambalo watu wengi pale mtaani walilifahamu kwa karibu. Pembeni yake alikaa karani mwembamba, daftari wazi, kalamu mkononi, kwa sababu amri ilikuwa imekuja: atakayelitamka lile neno aandikwe, bila kujali cheo.

"Afande, shikamoo," alisema Bi Somoe.

"Marahaba. Ngoma ya nini?"

"Tuna swali moja, kisha tutaondoka. Mume wangu, Mshangama. Amefungwa, au hajafungwa?"

Karani akainua kalamu.

Afande Chilumba akafungua mdomo, akaufunga. Jasho likamtoka chini ya kofia. "Mumeo," akasema, "ana... yuko... ana miaka tisa."

"Ana hamsini na nane, Afande. Nakuuliza amefungwa au hajafungwa."

"Subiri hapo."

Akaingia ndani, akapiga simu wizarani. Mlango aliuacha wazi, kwa kuwa tangu Jumatano hakuna aliyejua kama ni halali kuufanya vinginevyo, na tawi zima likasikia.

"Mheshimiwa? Chilumba hapa, gerezani. Nina mtu, Mheshimiwa, mkewe anamtaka, na hawezi kutoka... Kwa sababu? Kwa sababu ame... Ndiyo. Ame... Hapana, Mheshimiwa, sijasema kitu. Sijasema! Ni mstari una kelele... Hapana, hakuna tatizo lolote. Hakuna kabisa. Hakuna aliye... sawa, Mheshimiwa. Vifaru hoyee."

Alipotoka alikuwa amezeeka kidogo.

"Hajafungwa," akasema.

Karani akashusha kalamu. Kopwe akapiga ngoma moja tu, pu!

"Basi mgeni wangu anaomba kuaga," alisema Bi Somoe.

Mshangama akaletwa, mwembamba, blanketi begani, anakohoa. Alipoona tawi zima limejaa uani alitaka kuhutubia, lakini Bi Somoe alimkanyaga mguu.

"Nendeni," akasema Afande.

"Tunangoja karatasi."

"Karatasi ya nini tena, mama?"

"Kaka yangu mlimwachia kwa mdomo, mwaka ule wa mafuriko," alisema Bi Somoe, taratibu, kama anayempimia mtu shati. "Wiki ya pili mkamrudia kwa karatasi. Mimi leo siondoki na mdomo."

Afande akamwashiria karani. Karani akatoa fomu iliyopigwa chapa zamani, ile wanayopewa wanaotafuta kazi. Ilisema: *Inathibitishwa kwamba Ndugu* (nafasi) *hakuwahi kufungwa katika gereza hili.* Akajaza jina. Kisha mkono ukasimama.

"Afande, kuna lile neno."

"Wapi?"

"Hapa, baada ya 'hakuwahi'."

"Likate!"

Karani akalikata kwa wino mwingi mpaka halisomeki.

"Na 'katika gereza hili'?"

"Kata. Gereza la nini, kama hakuna... Kata! Kata yote!"

Afande akatia sahihi, muhuri ukapigwa. Bi Somoe akaisoma karatasi, akaikunja mara nne, akaitia kifuani. Ikabidi Afande, kwa kuwa mgeni ni mgeni na wanachama walikuwa wanamtazama, amsindikize Mshangama mpaka barabarani, na askari wawili nyuma wamebeba ubao. Getini walisikia sauti kutoka ndani, kwanza moja, kisha mia nne:

"Hata sisi tunaaga!"

Kufikia Jumatano gereza lilikuwa tupu. Alibaki mzee mmoja tu. Huyo aliingizwa mwaka ule ulipojengwa uwanja wa taifa, kwa kuuliza saruji iliyobaki ilikwenda wapi. Alipoambiwa atoke alikataa. Alisema yeye swali lake bado halijajibiwa, ataondoka vipi?

*

Habari za kikao cha Baraza la Mawaziri kilichofuata zilifika Kwa Mabati kupitia kichwa cha mjumbe mmoja aliyekwenda kunyolewa kwa Kopwe, maana mtu akiwa na wembe shingoni hasemi uongo.

Inasemekana Mheshimiwa Tendegu alisimama akilia. "Waheshimiwa," alisema, "tangu Jumatano iliyopita polisi hawajamkamata mtu. Wakimkamata wampeleke wapi? Jana mtu amenizomea barabarani. Mimi! Nikamwambia nitakufu... nikakwama. Akangoja nimalize. Akangoja, Waheshimiwa, kwa heshima kabisa, kisha akanizomea tena. Nchi isiyoweza kumfu... kumfanya hivyo mtu, itatawaliwa kwa kitu gani?"

"Turudishe neno," akasema mmoja.

"Tukilirudisha," akasema mwingine, "basi Jumapili ile tulifungwa. Tisa. Itabidi tuseme."

Upande mmoja kulikuwa na heshima ya taifa, ile waliyoiapia wote. Upande wa pili kulikuwa na jela. Wote wakamgeukia Mlezi wa Taifa, aliyekuwa hajasema neno tangu kasuku wake aondoke.

"Tufungwe," akasema Mlezi.

Na Alhamisi saa saba mchana, siku ya kumi na moja tangu filimbi, redio zote zikanyamaza, na sauti ya Mheshimiwa Tendegu ikasikika, bila suti na bila jezi kwa jinsi ilivyokuwa nyembamba:

"Ndugu wananchi. Serikali yenu sikivu, baada ya uchunguzi wa kina, inapenda kuwatangazia kwamba... tumefungwa." Akameza. "Tumefungwa tisa." Akapumua. "Bila."

Wazee wanasema hakuna ushindi wowote uliowahi kupokelewa vile. Kibanda cha Damu Moja kililipuka. Watu walirukiana shingoni, mama mmoja akatupa kanga juu, Kopwe akavua jezi, akaigeuza upande wake sahihi, akaivaa, akakimbia nayo mtaa mzima akipiga kelele, "Tumefungwa! Tumefungwa jamani!" na mtaa mzima ukimjibu, "Tisaaa!" Mashabiki walilia machozi yale ambayo Jumapili yalikosa pa kupita. Mshangama peke yake hakuruka. Aliutundika ubao wake chini ya ile saa iliyosimama, maandishi yake ya siku ile bado yapo, akaongeza chini, kwa herufi ndogo: *Chanzo: Serikali.*

"Sasa watakurudia," Bi Somoe akamwambia.

"Kwa kosa gani? Nilichosema mimi, wamesema wao."

"Wewe huwajui? Unawakumbuka miaka yote hiyo, na bado huwajui."

*

Ijumaa walikuja. Safari hii wawili tu, sajini na mwenzake, maana gari na askari wengine walikuwa na kazi. Gereza lilitakiwa kujazwa upya kabla ya Jumamosi na orodha ilikuwa ndefu. Walimkuta Mshangama kibandani anashona soli.

"Mshangama, fundi viatu, katibu wa tawi?"

"Ndiye mimi."

"Twende. Miaka yako tisa inakungoja."

"Nimefanya nini?"

Sajini akafungua karatasi. "Ulisema tumefungwa tisa."

"Jana Waziri amesema hivyohivyo. Wewe hukusikia?"

"Nimesikia. Waziri alisema jana. Wewe ulisema Jumapili." Sajini akasoma kwa kidole: "'Kwamba mshtakiwa, kwa makusudi, aliitangulia serikali kwa siku kumi na moja katika kusema kweli.' Hukusema uongo, fundi. Hilo limefutwa. Kosa lako sasa ni kuwahi."

"Kuwahi?"

"Kuwahi. Ni kosa jipya, limepita leo asubuhi."

Mwenzake akatoa pingu. Kopwe aliacha kichwa cha mtu nusu kimenyolewa, akasogea. Wanachama wakatoka majumbani, wakasimama. Mshangama akaweka chini nyundo na soli, akakohoa, akanyoosha mikono. Ndipo Bi Somoe, ambaye mguu wake haukuacha cherehani muda wote ule, alipoinuka, akaenda kwenye bati la vifungo, akalifungua, akachakura ndani na kutoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Sajini, wewe unajua kusoma vizuri, nimekusikia. Nisomee na hii. Mimi macho yangu ya cherehani tu."

Sajini akaichukua. Midomo yake ikacheza mara ya kwanza, na mara ya pili. Mara ya tatu alisoma kwa sauti:

"'Inathibitishwa kwamba Ndugu Mshangama hakuwahi.'"

"Na chini yake?"

"Nukta. Na muhuri. Na sahihi ya Mkuu wa Gereza."

"Muhuri wa nani?"

"Wa... serikali."

"Sasa nifafanulie mimi mshona nguo," alisema Bi Somoe. "Shtaka lenu ni lipi?"

"Kuwahi."

"Na serikali inathibitisha nini?"

Sajini akatazama karatasi, akatazama shtaka, akazishika moja kila mkono kana kwamba anapima nyama. "Hakuwahi," akasema.

"Hakuwahi nini?" akauliza mwenzake.

"Hakuwahi tu! Si unaona nukta?"

Nyuma yao mtu mmoja akaanza, "Kwi!", na Kopwe akajitia anakohoa. Sajini alikunja karatasi zote mbili, akamrudishia Bi Somoe yake kwa uangalifu, kwa kuwa ilikuwa na muhuri na yeye alifundishwa kuogopa muhuri kuliko risasi.

"Nitauliza makao makuu," alisema. "Wataunda kamati. Tutarudi."

"Karibuni sana," alisema Bi Somoe. "Hapa mnapajua."

Akaenda ubaoni, akachukua chaki sikioni mwa mumewe, jambo ambalo hakuna aliyethubutu kulifanya kwa miaka ishirini na miwili, na chini ya matokeo ya Vifaru na jirani zao akaandika: KWA MABATI 1, SERIKALI 0.

Sajini alikuwa ameshafika mlangoni. Akageuka, akasoma.

"Mechi gani hiyo? Imeisha lini?"

Ni Mshangama aliyeinuka, akikohoa, akamnyang'anya mkewe chaki. Kwenye mambo ya ubao mtu yule hakumpendelea hata mke wake.

"Somoe, filimbi haijalia," akasema. "Huwezi kuandika hivyo ukaacha hivyohivyo."

Na pembeni ya yale matokeo, kwa herufi zilizosimama moja moja kama askari, akasahihisha: MAPUMZIKO.